Winchi ya nanga imegoma: maswali tunayoulizwa kila mara karakanani Dodoma

Kazi yetu kubwa hapa Kizota ni starta, alteneta na winchi za magari yanayonasa kwenye tope msimu wa mvua. Winchi za nanga, yaani mashine za umeme zinazopandisha na kushusha nanga ya boti, zilikuja zenyewe. Baharia mmoja alileta mota, akamwambia mwenzake, na sasa haupiti muda mrefu bila simu ya mtu aliye kwenye boti, sauti ya upepo nyuma yake, akisema: "Fundi, mota imekufa." Mara nyingi mota haijafa. Ndiyo sababu tumeandika haya, ili watu waache kufungua bolti za sitaha kwa kosa lililoko kwenye waya. Tumeyapanga jinsi simu zinavyoingia.

Nyinyi mko Dodoma. Bahari mnaijulia wapi?

Swali la haki, na wanaoliuliza ni wengi. Mota ya winchi ya nanga ni ndugu wa starta: volti 12 au 24, kaboni (vipande vinavyosugua na kupeleka umeme kwenye rota, sehemu inayozunguka), koili au sumaku, na giaboksi mbele yake. Winchi ya Land Cruiser iliyojaa vumbi la Kondoa na winchi ya boti iliyojaa chumvi ya Mafia zinatofautiana uchafu tu. Cha ziada baharini ni kutu ya kijani kwenye shaba na unga mweupe kwenye alumini, na hivyo tumeshavizoea. Mota kutoka pwani huja kwa basi, za Kigoma huja na reli. Wavuvi wa bwawa la Mtera, walio jirani zetu hapa, hawajawahi kutupigia hata mara moja. Nanga zao huvutwa kwa mkono.

Nabonyeza swichi, kimya kabisa. Nianzie wapi?

Kabla ya yote, angalia sakiti breka ya winchi, swichi inayokata umeme ukizidi. Kwenye boti nyingi imefichwa karibu na betri, na kijana aliyesafisha jana huenda ameigusa. Ikiwa imeshuka, ipandishe mara moja. Ikishuka tena, usirudie, ruka hadi swali la breka hapa chini.

Breka ikiwa sawa, chukua multimita, kile kipimo cha umeme. Betri iliyopumzika na kujaa inasoma volti 12.6 hivi. Ikisoma 12.0, betri imekaribia kwisha na haina nguvu ya kuvuta nanga, hata kama taa zinawaka vizuri. Taa hazina njaa ya umeme. Winchi inayo.

Kisha pima kwenye boksi la solenoidi, yaani swichi ya sumaku inayopitisha umeme mkubwa kwenda kwenye mota. Boksi hili hupokea waya mbili nene kutoka betrini na nyaya ndogo kutoka kwenye swichi. Mwenzako abonyeze swichi huku wewe ukipima kwenye waya mdogo wa "juu". Volti 12 zisipofika, tatizo liko kwenye swichi, kwenye waya wa swichi au kwenye fyuzi yake ndogo ambayo watu husahau kuwa ipo. Swichi za miguu za sitaha ndizo mbovu zaidi kuliko kitu chochote kwenye mfumo huu. Kifuniko cha mpira kinapasuka kwa jua, maji ya chumvi yanaingia, na ndani kunabaki unga wa kijani. Rimoti ya mkono nayo hufa pale waya unapoingia kwenye plagi.

Volti 12 zikifika kwenye waya mdogo na solenoidi isitoe mlio wowote, koili ya solenoidi imekatika, au waya wake wa hasi hauna mguso. Pima hasi kwanza. Ni rahisi kuliko kununua boksi jipya.

Inasema "tak" lakini haizunguki.

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hiyo tutakaa kidogo.

"Tak" ni solenoidi ikifunga. Maana yake swichi ni nzima, waya mdogo ni mzima, koili ya solenoidi ni nzima. Yamebaki mambo matatu: vidole vya shaba ndani ya solenoidi vimeungua, waya nene au vichwa vyake vimeoza, au kaboni za mota hazigusi.

Yatenganishe kwa kipimo kimoja. Weka multimita kwenye taminali mbili za mota, mwenzako abonyeze "juu". Mikono ikae mbali na mnyororo na gurudumu, kwa sababu mota inaweza kuamka ghafla. Ukisoma volti 12 kamili na mota imesimama, umeme umefika na mota haiupokei: kaboni. Ukisoma volti 2 au 3, umeme unapotea njiani. Ukisoma sifuri, solenoidi inapiga kelele bila kupitisha kitu.

Kwa kaboni iliyokwama, gonga ganda la mota taratibu kwa mpini wa mbao huku swichi imebonyezwa. Vumbi la kaboni na chumvi huifanya kaboni inate kwenye nyumba yake, na mtikisiko huiachia. Ikizunguka, umepata nanga yako, na umejua pia kwamba mota lazima ifunguliwe wiki hii. Usitumie nyundo ya chuma. Mota nyingi za sasa zina sumaku zilizobandikwa kwa gundi ndani ya ganda, na sumaku hizo huvunjika. Tumefungua mota ambayo kosa lake lilikuwa kaboni tu, tukakuta vipande vya sumaku vimesagwa kati ya rota na ganda kwa sababu ya nyundo ya mtu mwenye hasira.

Kwa umeme unaopotea njiani, fuata waya. Ncha moja ya multimita ishike taminali chanya ya betri, nyingine iguse kila kiungo kuelekea mbele, swichi ikiwa imebonyezwa. Kipimo kitakachosomeka ni volti zilizopotea hadi hapo. Zikiruka ghafla kati ya upande mmoja wa kiungo na upande wa pili, umelipata. Halafu rudia upande wa hasi. Watu hupima chanya tu, kana kwamba umeme haurudi.

Inazunguka, lakini inavuta kwa uchovu. Mota inataka kusukwa upya?

Polepole, ndugu. Tuambie kwanza unene wa waya na umbali kutoka betrini.

Mota ya wati 1,000 kwenye volti 12 inakula ampia 80 na zaidi kwa hesabu ya karatasi. Ikibanwa inapita 100. Chukua boti ambayo betri iko nyuma, mita 8 kwenda omoni (mbele ya boti) na mita 8 kurudi, jumla 16. Kwa waya wa shaba wa milimita za mraba 16 na ampia 100, unapoteza karibu volti 1.75 njiani. Kwa waya wa 35 unapoteza 0.8. Betri yenyewe nayo inashuka ikibebeshwa mzigo, kwa hiyo mota yenye waya wa 16 inaweza kupata volti 9 na kitu, ikapata joto, ikavuta kwa shida, na ukaisingizia ugonjwa.

Pima kwenye taminali za mota wakati inavuta. Ukisoma chini ya 10.5, mota haina hatia bado. Washa injini kabla ya kung'oa nanga ili alteneta isaidie, safisha vichwa vya waya, na kama waya ni mwembamba, badilisha. Waya wa gari wa shaba tupu baharini hugeuka mweusi chini ya plastiki. Ule uliopakwa bati kila uzi hudumu. Ni ghali, tunajua.

Kama volti ni nzuri na bado inachoka, basi ndiyo, kaboni, beringi, au giaboksi.

Inashusha vizuri, haipandishi kabisa.

Swali letu tunalolipenda, maana jibu lake huokoa nauli ya basi. Hesabu taminali za mota. Zikiwa mbili, hiyo ni mota ya sumaku: inageuka upande kwa kubadilishiwa chanya na hasi, na ikiwa inashusha basi ni nzima. Kosa liko kwenye solenoidi ya "juu" au swichi yake. Badilishana nyaya ndogo za "juu" na "chini" kwenye boksi. Ukibonyeza "chini" na sasa inakataa, solenoidi ya "juu" ndiyo mbovu. Ukibonyeza "chini" na inapandisha, swichi ya "juu" ndiyo mbovu, na unaweza kusafiri hivyo hadi bandarini ukikumbuka kwamba vitufe vimegeuzwa. Weka utepe mwekundu, na umwambie kila mtu aliye ndani ya boti.

Zikiwa tatu, ni mota ya koili yenye njia mbili za ndani, na koili ya upande mmoja inaweza kuwa imekatika. Hiyo tuletee. Wala usijaribu kuigeuza mota ya namna hii kwa kubadilisha chanya na hasi: itaendelea kuzunguka upande ule ule. Na usiiwashe mezani kwa umeme kamili ikiwa imetolewa giaboksi, itakimbia bila breki mpaka ijiharibu.

Kuna kisa cha tatu. Inashusha kwa sababu kushusha hakuna mzigo, na inashindwa kupandisha kwa sababu ya mzigo. Ukiona inazungusha gurudumu tupu pande zote mbili bila shida, rudi kwenye swali la uchovu.

Mota inalia, gurudumu la mnyororo limesimama.

Kaza klachi. Kweli, anza hapo. Gurudumu hushikwa na koni mbili zinazobanana, na mpini wa juu ndio unaozibana. Mtu aliilegeza ili nanga ishuke kwa uzito wake, akasahau. Ikiteleza hata baada ya kukazwa, fungua, futa grisi iliyozidi kwenye koni, acha utando mwembamba tu. Koni zilizokauka kabisa nazo hushikana na kukataa kuachia.

Klachi ikiwa nzima, kipande cha chuma kinachofunga gurudumu kwenye shafti kimekatika, au meno ya shaba ndani ya giaboksi yamelika. Kipande ni kazi ya saa moja. Meno ni kazi ya fundi wa mashine ya kukereza, na Dodoma wapo wazuri.

Mnyororo unaruka kwenye gurudumu na kupiga kelele kama mawe ndani ya debe.

Ulibadilisha mnyororo karibuni? Mnyororo wa milimita 10 unauzwa wa vipimo viwili: wa kiwango cha DIN 766 pete yake ina hatua (urefu wa ndani wa pete moja) ya milimita 28, wa kiwango cha ISO 4565 ina milimita 30. Kwa macho ni mmoja, kwa gurudumu ni vitu viwili. Wa milimita 8 hatua ni 24 kwa vyote viwili, ndiyo maana wenye boti ndogo hawana shida hii. Pima pete kumi kwa pamoja, kisha soma namba iliyochongwa kwenye gurudumu.

Kama ni mnyororo ule ule wa zamani, angalia vishimo vya gurudumu kama vimelika, na angalia stoo ya mnyororo chini. Mnyororo ukirundikana hadi kugusa tundu, hauna pa kuangukia na unarudi nyuma. Unahitaji nafasi ya sentimita 30 au zaidi ya kuanguka. Mnyororo uliojisokota baada ya boti kuzungukazunguka na maji kwa siku kadhaa pia huruka. Uuache ushuke wote kwenye maji marefu, ujinyooshe, upandishe tena.

Breka inakata kila ninapovuta. Niweke kubwa zaidi?

Hapana.

Breka inalinda waya. Ukiiongeza bila kuongeza waya, kitakachokata safari ijayo ni moto, na moto wa waya unaanzia chini ya kitanda cha mtu. Breka inakata kwa sababu mota inavuta zaidi ya uwezo: giaboksi imekauka, rota inasugua, au, hii ndiyo mara nyingi, winchi inatumika kuivuta boti nzima. Winchi imewekwa ili iinue mnyororo na nanga. Mita 30 za mnyororo wa milimita 8 zikining'inia zina kilo kama 42, ongeza nanga ya kilo 20. Huo ndio mzigo wake. Kuisogeza boti ya tani kadhaa dhidi ya upepo wa kusi ni kazi ya injini: sogea mbele taratibu, mnyororo ulegee, winchi iokote. Nanga ikiwa imenasa kwenye mwamba, funga mnyororo kwenye kizuizi cha sitahani na uing'oe kwa injini. Gurudumu lisihusike.

Wala usiilaze boti usiku kucha ikivutana na winchi. Kamba yenye mnepo ifungwe kwenye mnyororo, iende kwenye nguzo ya sitaha, nayo ipokee mivuto yote. Shafti nyingi zilizopinda tunazopokea zimetokana na usiku mmoja wa upepo bila kamba hiyo.

Tuko baharini, winchi imekufa kabisa, upepo unageuka. Nanga tunaitoaje?

Kwanza zima breka ya winchi. Watu wanapovuta kwa mkono, hakuna anayetaka mota ifufuke vidole vikiwa kwenye mnyororo. Anayevaa shuka au kanga aifunge vizuri.

Winchi nyingi zina tundu la mpini wa dharura. Tafuta mpini huo leo, mkiwa salama, siyo usiku wa manane. Kama hakuna mpini, tumia kizuizi cha mnyororo: injini isogeze boti mbele, omo ikishuka na wimbi vuta mnyororo uliolegea, kizuizi kishike, omo ipande na isubiri, ishuke tena, vuta. Ni kazi ya watu wawili wenye subira. Njia ya tatu, kwa boti za matanga: ndoano ya mnyororo yenye kamba ndefu, kamba iende hadi kwenye winchi ya tanga nyuma, mvute mita kadhaa, mfunge, mrudie. Mahali ambapo maji ya bamvua yanapanda na kushuka mita 4 hivi, kama Unguja, kusubiri maji yatoke kunapunguza mnyororo wa kuinua na kunaokoa migongo. Ila hakikisha kwanza kina cha mahali ulipo wewe.

Kama boti inasukumwa kwenye mwamba, achia yote. Funga boya kwenye mwisho wa mnyororo, andika mahali kwenye GPS, kata, ondoka. Kwa ajili hiyo mwisho wa mnyororo ufungwe botini kwa kamba inayofika sitahani, ili ikatike kwa kisu. Ukiufunga kwa bolti, utatafuta spana wakati mbaya.

Fundi wa bandarini aliniwekea kaboni za grainda, sasa haina nguvu.

Ndivyo inavyokuwa. Kaboni ya grainda ya volti 220 ni kaboni karibu tupu, na ina ukinzani mkubwa kwa umeme wa volti 12. Mota hizi zinataka kaboni iliyochanganywa shaba. Utaitambua kwa rangi yake ya wekundu wa shaba ukiikwaruza. Ukikwama, nunua kaboni za starta ya gari zilizo kubwa kidogo, uzisage kwa msasa laini hadi ziteleze zenyewe ndani ya nyumba yake bila kukwama. Komuteta, ile shaba ya rota inayosuguliwa na kaboni, isafishwe kwa msasa wa kawaida. Msasa mweusi wa chuma huacha chembe kati ya vipande vya shaba na kuleta shoti. Mifereji kati ya vipande isafishwe kwa kipande chembamba cha mbao ngumu.

Mafuta ya giaboksi yametoka meupe.

Maji yameingia, kwa kawaida kupitia sili ya shafti ya juu. Mwaga, suuza kwa mafuta mepesi, mwaga tena, jaza mapya ya aina iliyotajwa kwenye kitabu cha winchi. Tunasisitiza kitabu kwa sababu baadhi ya mafuta ya gia za magari yana viungo vinavyoshambulia shaba, na gurudumu la ndani ni la shaba. Bila sili mpya utarudia kazi hii mwezi ujao.

Bolti za chuma cha pua zimeshikana na ganda la alumini.

Metali mbili zisizofanana ndani ya chumvi: alumini ndiyo inayoliwa, na unga wake mweupe ndio gundi yako. Mafuta ya kupenya, usubiri usiku mzima. Halafu joto kwenye alumini, si kwenye bolti, na mwendo wa kukaza kidogo kabla ya kulegeza. Ukikata bolti ndani ya ganda, acha hapo na ulete ganda zima. Wakati wa kurudishia, paka grisi nzito ya kuzuia chumvi kwenye nyuzi zote na weka washa za plastiki inapowezekana.

Nikituma mota, niifunge vipi? Na bei?

Kama imeingia maji ya bahari, isuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi kabla ya kuituma. Inasikika kinyume, lakini chumvi ikikauka ndani inaendelea kula shaba njiani kote. Iache ikauke mahali penye hewa. Ikifika tutaimalizia: hewa ya Dodoma ni kavu, na tunaiweka kwenye oveni ya joto dogo kabla ya kupima kama rota inavuja umeme kwenda kwenye shafti.

Mwaga mafuta ya giaboksi kabla ya kufunga. Makondakta wana haki ya kukataa mzigo unaovuja. Funga shafti kwa kitambaa, piga picha ya nyaya zote kabla ya kuzitoa, andika "juu", "chini" na "betri" kwenye utepe. Tuma pia boksi la solenoidi, hata kama una uhakika ni zima.

Bei tunataja baada ya kufungua. Kaboni na usafi ni bei ya starta ya lori. Kusuka rota upya ni zaidi, na sumaku zilizovunjika huwa tunashauri mota mpya. Ukitupigia ukiwa kwenye maji, uwe na multimita mkononi, na umpe simu mtu anayeweza kubonyeza swichi.